Mwenye Kiti na Aje

Jumatatu asubuhi Ruwa alipofungua banda la sinema la Changamwe ili afagie maganda ya njugu, alikuta kiti kimoja cha upande wa wanawake kimegeuzwa. Kililipa mgongo lile shuka jeupe la picha na kuutazama mlango, kama kwamba aliyekikalia alikuwa akimngoja yeye. Ruwa akakishika akirudishe. Kilikuwa na joto la mwili, lile joto la kitanda ambacho mtu ameondoka sasa hivi. Na banda lilikuwa na kufuli tangu Jumamosi jioni, na ufunguo ulilala mfukoni mwake.

Akajiambia ni paka. Paka wa Changamwe mwaka ule, wa pili baada ya vita, walikuwa wamekonda kama sisi sote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwili wa kupasha joto kiti cha mtu mzima. Lakini mtu anayetaka kumaliza kufagia hukubali paka wa aina yoyote.

Kosa lenyewe halikuzaliwa Changamwe. Lilizaliwa ng'ambo, kisiwani Mvita, ofisini, likaletwa kwetu likiwa limepigwa mhuri.

Bwana Yeslam, mwenye banda, alikuwa amepata picha kutoka Bombay ya mwanamke aliyekufa akarudi kumtesa mumewe. Kabla ya kuonyeshwa, watu watano wenye suruali zilizopigwa pasi walikaa gizani kisiwani wakaitazama, wakanywa chai, wakaamua kwamba wao haikuwatisha ila sisi itatutisha. Basi Mzungu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuogopa kwa niaba ya watu wengine, watu wakimwita Bwana wa Picha, akaandika onyo la mistari mitano kwa Kiingereza na kumpa karani wake Nicanor alitie katika Kiswahili.

Nicanor alizaliwa Rabai, akanyonya Kiswahili pamoja na maziwa, kisha akaenda skuli akafundishwa kukionea haya. Alikuwa na tai mbili, penseli nyekundu, na kamusi iliyoandikwa na mgeni, na neno ambalo mgeni hakulisikia Nicanor alilihesabu kuwa halipo. Alikaa na ile mistari mitano siku nne. Matunda yake yakawa haya:

"ONYO. Picha hii ina mambo yanayoweza kushtua. Wanawake wenye mimba, watoto wadogo na watu wenye mioyo dhaifu wanaombwa watoke. Atakayebaki amebaki kwa hiari yake. Sasa mwenye kiti na aje akae katika kiti chake."

Chini yake: lisomwe mara tatu, kwa sauti kuu, pasipo kuongeza wala kupunguza neno, la sivyo leseni itafutwa.

Sasa, pwani hii kiti si cha makalio tu. Mwanamke mwenye pepo huitwa kiti, kwa kuwa pepo humpanda kichwani akakaa; na yule pepo ndiye mwenye kiti. Fundi anapopunga pepo, akishafukiza udi na ngoma zikishakolea, humwita kwa maneno hayo hayo: mwenye kiti na aje akae. Kila aliyekulia Magongo, mtaani kwetu, alilijua jambo hilo. Nicanor naye alilijua, ila alikuwa amesoma sana hata akafaulu kutolijua.

Ruwa ndiye aliyeendesha mashine ya picha, na ndiye aliyepewa kusoma, kwa kuwa alikuwa na sauti na alijua herufi. Jumamosi ya kwanza, saa kumi za alasiri, alisimama mbele ya shuka na lile bomba la bati la kupazia sauti. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye viti arubaini vya mbao ambavyo Bwana Yeslam alivinunua jeshini, kila kimoja na namba yake ya rangi nyeupe mgongoni. Alisoma mara ya kwanza, watu wakacheka. Alisoma mara ya pili, na upande wa wanawake maganda ya njugu yakaacha kulia.

"Wamwita nani wewe?" akauliza bibi mmoja wa makamo, akijitanda buibui.

"Nasoma karatasi, mama."

"Karatasi yamwita nani?"

"Serikali haijui, mama. Imeandika tu."

Mabenchi yakaangua kicheko. Yule bibi akasema astaghfirullah, akatoka, na wenzake wawili nyuma yake. Ruwa akataka kuikunja ile karatasi, lakini Bwana Yeslam alikuwa kando ya mashine akimkodolea macho kama leseni yenyewe. Akasoma mara ya tatu.

Mkewe Kahaso alikuwa katika kiti cha kumi na saba, safu ya pili, hicho hicho ambacho Jumatatu kingekutwa kimegeuzwa. Ruwa alijua kwamba mkewe aliwahi kupungwa alipokuwa mwari. Alikuwa ameambiwa kabla ya harusi, kama mtu anavyoambiwa kwamba bibi harusi aliugua surua. Miaka tisa ya ndoa, mtoto mmoja, na hakuna kilichopanda kichwani mwa Kahaso isipokuwa mitungi ya maji. Ruwa alikuwa amesahau.

Picha ikaanza. Yule maiti wa Bombay alikuwa amepakwa unga usoni, nywele zake zinang'aa kwa mafuta, na kila alipotaka kutokea wapiga vinanda walimtangulia, wasije watu wakashtuka. Alipotoa mkono kaburini, bangili zilikuwa mpya. Wanawake walicheka hata wakajifuta machozi. "Huyu kafa, au kaenda kuozwa?" mmoja akapaza sauti. Watu watano wa kisiwani na chai yao wangeona haya, kama haya ingekuwamo katika masharti ya kazi.

Kahaso peke yake hakucheka. Aliketi wima, mikono magotini, na hakuitazama picha. Alilitazama lile bomba la bati lililoachwa sakafuni.

Jumatatu hiyo ya kiti, Ruwa alirudi nyumbani Magongo saa sita za mchana na kuisikia harufu ya udi tangu njiani. Nyumba nzima haikuwa na kipande cha udi. Binti yake Nyevu alikuwa kwa jirani, amekataa kutoka uvunguni mwa kitanda cha watu. Kahaso alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, katikati ya ua, juani, bila ushungi, wala tone la jasho usoni.

"Mama Nyevu," Ruwa akaita polepole. "Jua hilo."

Hakugeuka. "Umechelewa, Msomaji."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa Baba Nyevu.

"Nani Msomaji?"

Ndipo akafungua kinywa, na humo ikatoka sauti ya Ruwa mwenyewe, na mvumo wa bati ndani yake, ikisema picha hii ina mambo yanayoweza kushtua, wanawake wenye mimba, watoto wadogo, bila kukosea, bila kupumua, mpaka kwenye mwenye kiti na aje, na kila neno lilipotoka midomo ya Kahaso haikutikisika ila ilikaa wazi tu kama mlango wa nyumba iliyohamwa, na kuku waliokuwa wakidonoa chini ya ukuta wakasimama wote kwa mguu mmoja, na Ruwa akaisikia harufu ya udi ikigeuka pole pole kuwa harufu ya nywele zinazoungua.

"Toka," Ruwa akanong'ona. "Kwa jina la Yesu, toka."

"Nitoke?" Sasa ilikuwa sauti nyingine, nene, ya mtu mwenye madaraka. "Miaka yote hiyo nikija naitwa mhuni. Natolewa kwa mavi ya punda na pilipili. Leo nimeitwa kwa maandishi, mara tatu, mbele ya mashahidi mia mbili. Una karatasi gani wewe ya kunitoa?"

Ruwa hakuwa na karatasi.

Jumanne akamleta Bi Kuluthum kutoka Kisauni, fundi aliyempunga Kahaso zamani. Alikuwa mwana wa nyumba kongwe za Mvita, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliona kila mtu aliyezaliwa nje ya kuta za mji wa kale kuwa bado anajifunza kusema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu nambia, ulisoma nini? Neno kwa neno."

Ruwa akamwambia. Bi Kuluthum akavua miwani.

"Nani kaandika hayo?"

"Karani wa serikali."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Ana cheti cha Kiswahili, bibi."

"Ndiyo nauliza, alikuwa mgonjwa?" Akamwangalia Kahaso, aliyekuwa amekaa sakafuni akiuma ukingo wa mkeka. "Sikiza, mwanangu. Huyu pepo nilimfunga kwa ahadi. Hakai mpaka aitwe na mume wa huyu mwanamke. Nikajua, mume gani mwenye akili atamwita? Sikujua serikali itamwandikia mumewe la kusema!"

"Sasa?"

"Sasa amekaa ukingoni tu. Ukimwita tena kwa kinywa chako, atakaa hata mgongo uegemee, na mkeo hutamuona tena. Utabaki na mwili waenda sokoni." Akaipangusa miwani. "Dawa yake ni nyepesi. Kinywa kile kile, mahali pale pale, mbele ya watu wale wale. Badala ya kusema aje akae, sema aondoke. Mara tatu. Neno moja hilo labadilishwa, basi."

Neno moja. Bi Kuluthum alikuwa amezishinda koo saba za majini, lakini hakuwa amewahi kujaribu kubadilisha neno moja katika karatasi ya serikali.

Bwana Yeslam aliposikia akashika kichwa. "Wallahi mke wako ni kama binti yangu, Ruwa. Lakini leseni yangu ni kama roho yangu. Nenda kisiwani waombe. Wakikubali, soma hata matusi."

Jumatano Ruwa akavuka tuta la Makupa kwa miguu mpaka kisiwani, ofisini. Nicanor alimpokea bila kuinuka, akaisikiliza habari yote akichonga penseli nyekundu.

"Kwa hivyo," akasema, "unalalamika kwamba Kiswahili changu kimeeleweka."

"Kimeeleweka na asiyetakiwa, bwana."

"Serikali haitambui pepo. Hakuna jalada la pepo katika ofisi hii. Neno kiti maana yake ni chombo cha kukalia chenye miguu minne."

"Mama yako angesema je, bwana?"

Penseli ikasimama. "Mama yangu," Nicanor akasema kwa sauti ya chini, "si mfasiri."

"Mke wangu anatafuna mkeka."

"Basi mnunulie mwingine." Akaona mwenyewe kwamba hilo limekuwa baya hata kwa karani, akainuka. "Ngoja. Nitamweleza Bwana."

Ruwa alingoja kwenye benchi la ukumbini mpaka saa tisa. Bwana wa Picha alilisikiliza jambo hilo kwa huruma nyingi, na huruma ya ofisi ni kitu cha kukimbiwa. Iwapo mwanamke mmoja wa Changamwe ameugua baada ya picha, basi ni wazi kwamba onyo lilisomwa kwa upungufu. Akaamuru kwa maandishi: toka sasa lisomwe mara sita. Tena karani Nicanor aende mwenyewe Jumamosi, ahakikishe hakuna neno linalorukwa.

"Umeona?" Nicanor akasema, akimkabidhi karatasi. "Umesikilizwa."

Siku tatu zilizobaki Kahaso hakulala wala hakufumba jicho. Hakula ila mayai mabichi na maganda yake. Alasiri ya Ijumaa Nyevu alirudi kuchukua nguo, na mamaye akamwambia kwa sauti ya upole, "Wewe una miaka mingapi? Kiti kidogo nacho ni kiti." Ruwa akambeba mtoto mbio mpaka kwa jirani, na hapo ndipo alipoacha kufikiri juu ya kazi yake.

Jumamosi banda lilijaa pomoni. Habari za mke wa msomaji zilikuwa zimetangaza picha kuliko bango lolote. Jua la saa kumi lilipenya kwenye matundu ya misumari ya mabati na kudondosha vidoa vyeupe juu ya buibui. Kahaso aliingizwa na Bi Kuluthum, akakalishwa kiti chake kile kile cha kumi na saba. Bi Kuluthum akarudi kusimama mlangoni na chetezo cha ubani. Alikataa katakata kukaa. Nicanor alikuwa benchi la mbele, tai imekaza, nakala ya onyo pajani, penseli tayari.

Ruwa akaliinua bomba. Alisoma mwanzo wake vizuri, na penseli ya Nicanor ikatembea chini ya maneno kama mchungaji nyuma ya mbuzi. Alipofika mwisho akavuta pumzi.

"Sasa mwenye kiti na aondoke katika kiti chake!"

Penseli ikavunjika.

"Sivyo ilivyoandikwa!" Nicanor akafoka.

Ruwa hakumtazama. Alimtazama mkewe, aliyekuwa ameanza kuinama mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, na kiti chini yake kikagonga sakafu kwa miguu ya mbele na ya nyuma, ta-ta, ta-ta, na Ruwa akasema mara ya pili, na mabati ya paa yakaanza kulia kama yanayopoa usiku ingawa jua lilikuwa bado linawaka juu yake, na harufu ile ya nywele zinazoungua ikashuka juu ya safu za wanawake hata wakaziba pua kwa mitandio, na kutoka kinywani mwa Kahaso ikatoka ile sauti nene ikisema una karatasi gani, una karatasi gani, nionyeshe karatasi, na Nicanor akawa amesimama naye akipiga kelele, nionyeshe karatasi iliyokuruhusu, hata watu wa nyuma hawakujua tena yupi ni karani na yupi ni jini, na Ruwa akalikandamiza bomba midomoni mpaka damu ikamtoka na kusema mara ya tatu.

Kahaso akaanguka. Kisha akainua kichwa, akatazama huku na huku kwa haya.

"Baba Nyevu," akasema, "mbona watu wote wanitazama mimi? Na mbona nina njaa hivi?"

Ruwa akalitupa bomba, akamnyanyua, akamtoa nje. Bi Kuluthum akamfukiza na kumfunga leso kifuani. Nyuma yao walimsikia Nicanor akiwatuliza watu. Onyo, akasema, limesomwa kwa makosa, nalo kwa sheria ni sawa na kutosomwa. Atalisoma mwenyewe.

Akalisoma mara sita. Alikuwa na matamshi safi sana.

Kisha akatoka, anajifuta shingo. "Umefutwa kazi," akamwambia Ruwa. "Nitaandika ripoti. Huwezi kuchezea maneno ya—"

Akanyamaza, kwa kuwa ndani ya banda onyo lilikuwa linasomwa mara ya saba. Na sauti ilikuwa ya Nicanor.

Wote wanne waliutazama mlango. Nicanor alipapasa mfuko, akatoa nakala yake na kipande cha penseli, na hili ndilo lililomwogofya Ruwa kuliko yote: akaanza kufuata. Wanawake wenye mimba. Watoto wadogo. Kipande cha penseli kilitembea chini ya mistari.

"Anasoma sawasawa," akanong'ona. "Hakukosea hata herufi."

Penseli ikafika mwisho wa karatasi. Sauti haikusimama.

"Kiti cha kwanza," ikasema.

"Abee," akaitika mwanamke ndani.

"Kiti cha pili."

"Abee."

"Umewaita wangapi wewe?" Bi Kuluthum akamuuliza Nicanor. "Nasema wangapi?"

"Viti ni arubaini," akasema Nicanor.

Cha kumi na nne, abee. Cha kumi na tano, abee. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekimbia, wanawake walikuwa wakiitika mmoja mmoja kwa adabu kama wasichana walioitwa na mama zao. Cha kumi na sita, abee. Ruwa akamziba mkewe mdomo kwa kiganja, na Bi Kuluthum akamziba masikio.

"Kiti cha kumi na saba."

Kimya.

"Kiti cha kumi na saba."

Kahaso akajaribu kufungua mdomo chini ya kiganja cha mumewe. Mara ya tatu ingekuwa ya mwisho, na wote watatu walilijua hilo. Lakini Nicanor hakuweza kustahimili orodha yenye pengo. Miaka kumi na miwili ya ofisi ilimsimamisha wima.

"Hayupo!" akaitikia kwa sauti kuu.

Ndani hesabu ikasimama.

"Nani asemaye hayupo?"

"Nicanor," akasema Nicanor, "karani mfasiri, daraja la pili."

"Nicanor," ikasema sauti yake mwenyewe, kwa upole.

"Usiitike!" akapiga kelele Bi Kuluthum.

"Abee," akaitika Nicanor, kama mwanamke. Akavua viatu, akaviweka sambamba mlangoni, akaingia. Hesabu ikaendelea kutoka cha kumi na nane.

Ruwa hakungoja kusikia cha arubaini. Alimchukua mkewe, akamchukua mtoto, na kabla ya magharibi walikuwa njiani kwenda Kaloleni kwa kina Kahaso, Kahaso akila ndizi na kulalamika kwamba hazina utamu kama za kwao. Hakusumbuliwa tena, kwa jinsi watu wanavyojua. Ila hakuitika tena kwa kuitwa mara moja, hata na mumewe.

Ripoti ya Nicanor ilifika mezani pa Bwana wa Picha Jumatatu saa mbili kamili, imeandikwa vizuri kuliko zote zilizotangulia. Bwana alifurahi, akaagiza onyo hilo lisomwe katika kila banda la sinema, Kisauni mpaka Likoni. Ripoti ilisema kwamba watazamaji walikuwa watulivu. Kwamba walipoitwa waliitika. Kwamba picha ilipokwisha walitoka kwa kufuata namba, bila kusemezana, na kwenda majumbani kwa waume zao. Kasoro haikuonekana. Kila kiti kilikuwa na mwenyewe.